Ushabiki wa vyuo Marekani haukuokoa viwanda vya jezi

KILA mwaka mwishoni mwa Novemba, shughuli katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, husimama karibu zote. Vyuo vikuu viwili vya jimbo hilo, Alabama na Auburn, hukutana uwanjani katika kandanda ya Kimarekani, mchezo wa mpira wenye umbo la yai ambao aghalabu hushikwa mikononi badala ya kupigwa teke.

Msomaji aliyezoea pambano la Gor Mahia na AFC Leopards anaweza kukisia joto lake, ila itambidi alizidishe mara kadhaa. Uwanja wa Bryant-Denny mjini Tuscaloosa hubeba watu takriban 100,000, idadi inayolingana na ya wakazi wa mji wenyewe. Hao wote huenda kutazama wanafunzi wakicheza. Wengi wa mashabiki hawakuwahi kusoma katika vyuo hivyo. Timu hurithiwa nyumbani, mtoto kutoka kwa babake, kama shamba au jina la ukoo.

Pambano hilo huitwa Iron Bowl, yaani Bakuli la Chuma. Jina hilo lilitokana na mji wa Birmingham, uliojengwa juu ya madini ya chuma, makaa ya mawe na mawe ya chokaa, na ambako timu hizo mbili zilipambana kwa miongo kadhaa katika uwanja wa Legion Field kuanzia mwaka wa 1948.

Chuma chenyewe kimepungua sana. Matanuri ya Sloss yalizimwa mwaka wa 1971 na sasa ni makumbusho. Mwaka wa 2015 kampuni ya U.S. Steel ilifunga tanuri lake la kuyeyushia chuma huko Fairfield, nje kidogo ya Birmingham, na wafanyakazi wapatao 1,100 wakamwaga unga, wakati ambapo chuma cha bei ya chini kutoka ng'ambo kilikuwa kimefurika sokoni. Mchezo nao uliondoka Birmingham, kwani pambano la mwisho kufanyika hapo lilikuwa la mwaka wa 1998. Kilichobaki ni jina.

Habari za chuma zinajulikana. Zisizosimuliwa sana ni za nguo ambazo mashabiki hao huvaa siku ya mchezo, nyekundu kwa Alabama, samawati na rangi ya chungwa kwa Auburn. Shabiki wa Alabama yuko radhi kukosana na shemeji yake kwa sababu ya timu, na fulana anayovaa wakati wa ugomvi huo kwa kawaida imeshonwa Vietnam, Honduras au nchi nyingine ya mbali. Mashirika ya biashara ya mavazi nchini Marekani yenyewe hukadiria kwamba takriban asilimia 97 ya nguo zinazouzwa huko hutoka nje.

Haikuwa hivyo zamani. Kusini mashariki mwa Birmingham kuna mji mdogo uitwao Alexander City, wenye wakazi takriban 15,000. Hapo ndipo Benjamin Russell alipoanzisha kiwanda cha nguo mwaka wa 1902. Inasimuliwa kwamba mwaka wa 1926 mwanawe, Bennie, aliyekuwa akiichezea timu ya Chuo Kikuu cha Alabama, alichoshwa na jezi za sufu zilizomwasha mwili wakati wa mazoezi. Akamwendea babake na wazo la kushona jezi nzito ya pamba iliyo laini na isiyobana shingo.

Jezi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa fulana nzito ya mikono mirefu ambayo leo huvaliwa na wanafunzi kote duniani. Kiwanda cha Russell kikakua kikawa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa sare za michezo nchini humo. Hapo pamba ilisokotwa uzi, uzi ukafumwa kitambaa, kitambaa kikatiwa rangi, kikakatwa na kushonwa, yote katika mji mmoja na vitongoji vyake. Shule ya upili ya mji huo hadi leo ina jina la Benjamin Russell.

Ni vyema jambo hili lifahamike barabara. Kiwanda cha Alexander City hakikuwa tu jirani wa mchezo wa vyuo. Biashara iliyokikuza ilizaliwa na mchezo huo, kwa wazo la mchezaji, katika jimbo ambalo watu wake huuabudu. Kama kuna mahali ushabiki ungeweza kukilinda kiwanda dhidi ya bidhaa rahisi kutoka nje, basi palikuwa hapo.

Haukukilinda. Mwaka wa 1998, mwaka uo huo ambao Iron Bowl ilichezwa Birmingham kwa mara ya mwisho, kampuni ya Russell ilitangaza mpango wa kufuta ajira takriban 4,000 na kufunga viwanda zaidi ya 20. Makao yake makuu yakahamishiwa Atlanta, katika jimbo jirani la Georgia. Mwaka wa 2006 ilinunuliwa na Berkshire Hathaway, kampuni ya tajiri Warren Buffett, kwa dola takriban milioni 600, ikawekwa chini ya Fruit of the Loom. Kazi ya kushona ilikuwa imeshafunga virago kuelekea Amerika ya Kati.

Sababu zake si fumbo. Mkataba wa biashara huru baina ya Marekani, Canada na Mexico ulianza kutumika mwaka wa 1994. China ikajiunga na Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001. Kisha tarehe 1 Januari 2005 ukafikia kikomo mfumo wa viwango vya juu vya kiasi cha nguo ambacho kila nchi maskini iliruhusiwa kuuza katika nchi tajiri, mfumo uliodumu tangu 1974. Mwaka wa 1990 viwanda vya mavazi vya Marekani viliajiri watu zaidi ya 900,000. Leo hawafiki 100,000.

Mitambo ya kusokota na kufuma inaweza kuendeshwa na watu wachache, kwa hiyo mshahara wa juu si kikwazo kikubwa sana. Kushona ni kitu kingine. Hadi sasa ni vigumu sana kwa mashine kulishika kola la fulana laini na kuliambatisha bila mkono wa binadamu kulielekeza. Palipo na mkono, pana mshahara, na mshahara wa mshonaji wa Alabama haukuweza kamwe kushuka hadi kufikia ule wa mwenzake wa Choloma au Hanoi.

Si haki, hata hivyo, kuwatwika mzigo wote washonaji wa nchi maskini. Waliochagua kuhama walikuwa wakurugenzi, na waliowashinikiza walikuwa wenye maduka makubwa waliodai bei ishuke kila msimu. Shabiki naye alinyamaza. Alipokuta fulana mbili zenye nembo ileile, alichukua ya bei nafuu akaenda zake uwanjani.

Chuo nacho kilikuwa wapi? Jibu limo katika biashara ya nembo. Mwaka wa 1981 Bill Battle, aliyewahi kuichezea Alabama chini ya kocha maarufu Bear Bryant, alianzisha kampuni iliyokuja kuitwa Collegiate Licensing Company. Kazi yake ilikuwa kuwauzia watengenezaji bidhaa leseni ya kutumia jina, rangi na nembo za vyuo. Chuo Kikuu cha Alabama kilikuwa mteja wake wa kwanza miongoni mwa vyuo.

Kabla ya hapo, mtu yeyote mwenye mtambo wa kuchapisha alijichapishia fulana za chuo na kuziuza bila kuulizwa. Baada ya hapo, kila fulana ililipiwa. Chuo hupata asilimia fulani ya bei ya jumla ya bidhaa, na hapa ndipo penye kiini cha suala hili. Asilimia hiyo hulipwa iwe fulana imeshonwa Alexander City, Mexico au Dhaka. Iwapo bidhaa ya nje ni rahisi na kwa hivyo inauzwa kwa wingi zaidi, chuo hakipotezi chochote kiwanda cha jirani kinapofungwa. Huenda hata kikafaidi.

Mapenzi ya shabiki, kwa maneno mengine, yalitenganishwa na kazi. Nembo ilibaki nyumbani ikiendelea kuingiza fedha. Kushona kukaenda ng'ambo. Shabiki anaponunua fulana anaamini anauunga mkono mji wake, na kwa kiasi fulani ni kweli, maana fedha za leseni huenda kwenye chuo. Ila hazipiti tena mikononi mwa mjomba wake aliyekuwa fundi wa cherehani.

Wanasiasa wa Marekani wamependekeza dawa moja, nayo ni ushuru wa forodha. Aprili 2025 Rais Donald Trump alitangaza ushuru mpya kwa bidhaa za karibu nchi zote, ukiwemo wa asilimia 46 kwa Vietnam na 49 kwa Cambodia, ilhali Honduras na Kenya zilitangaziwa asilimia 10. Viwango hivyo vilibadilishwa mara kadhaa baadaye na uhalali wake ukapingwa mahakamani.

Wanaotarajia kwamba ushuru utazirejesha cherehani Alabama wanapaswa kukumbuka jambo ambalo halitajwi sana majukwaani. Nguo hazikuwa zikiingia Marekani bure. Ushuru wa kawaida wa fulana ya pamba ulikuwa asilimia 16.5, na wa fulana ya nyuzi za viwandani asilimia 32, tangu kabla ya Trump kuingia Ikulu. Ukuta huo ulikuwepo wakati viwanda vikifungwa, na havikuokoka. Anayelipa ushuru ni mwagizaji bidhaa, naye huupitisha kwa shabiki kadiri awezavyo.

Zaidi ya hayo, fulana ya kigeni si ya kigeni kabisa. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na nchi za Amerika ya Kati, ulioanza kutumika Honduras Aprili 2006, huruhusu nguo kuingia bila ushuru mradi, kwa jumla, uzi wake umesokotwa katika nchi wanachama. Kwa sababu hiyo viwanda vya uzi vya kusini mwa Marekani viliendelea kuishi kwa kuuza uzi Honduras, ukarudi nyumbani ukiwa fulana. Mshonaji wa Choloma aliyeonekana kuwa adui wa mfanyakazi wa Alabama ndiye mteja wa msokotaji wa North Carolina.

Kipo kitu kimoja cha mchezo huu ambacho bado kinatengenezwa Marekani kwa wingi, nacho ni mpira wenyewe. Katika kijiji cha Ada, jimbo la Ohio, chenye wakazi zaidi ya 5,000, kampuni ya Wilson imekuwa ikitengeneza mipira ya ngozi tangu mwaka wa 1955. Mipira yote ya ligi ya kulipwa ya NFL hutoka hapo, pamoja na ile inayotumiwa na timu nyingi za vyuo. Mapema mwaka wa 2024 kampuni hiyo ilifungua kiwanda kipya katika kijiji kicho hicho.

Ngozi huletwa kutoka kiwanda cha Horween cha Chicago, kilichoanzishwa mwaka wa 1905. Wamarekani wanapenda kuuita mpira huo ngozi ya nguruwe, jina la enzi za mababu, lakini ngozi ni ya ng'ombe. Vipande vinne hukatwa, vikashonwa ndani nje, kisha mpira hulainishwa kwa mvuke na kugeuzwa kwa nguvu za mikono. Halafu hutiwa mfuko wa hewa, ukafungwa kamba na kujazwa upepo ndani ya kalibu ili umbo likae sawa. Kugeuza ngozi hiyo ngumu bila kuipasua ni ufundi wa watu waliokaa kazini miaka mingi.

Kwa nini Ada imebaki na Alexander City ikaondoka? Si kwamba watu wa Ohio wanaipenda nchi yao kuliko wa Alabama. Kanuni za mchezo wa vyuo hudai mpira wa ngozi wenye vipimo na umbile maalumu, wachezaji huujua kwa vidole, na hakuna kocha atakayebahatisha mpira mpya ili aokoe dola chache. Mnunuzi anajali ubora kuliko bei. Mpira wa watoto wa ngozi bandia, wenye chapa iyo hiyo, haupati kinga kama hiyo na kwa kawaida hutoka China.

Kuna dokezo jingine la kuwashangaza wanaopenda kupeperusha bendera. Kampuni inayomiliki Wilson, Amer Sports, ilinunuliwa mwaka wa 2019 na kundi la wawekezaji lililoongozwa na Anta, kampuni ya mavazi ya michezo ya China. Kiwanda kipya cha Ada kilijengwa chini ya umiliki huo. Kwa upande mwingine, mpira wa besiboli wa ligi kuu, mchezo unaoitwa burudani ya taifa la Marekani, hushonwa kwa mkono mjini Turrialba, Costa Rica.

Je, ushabiki hauna nguvu yoyote basi? Unayo, na mfano wake bora unaihusu kampuni ile ile ya Russell. Oktoba 2008 ilitangaza kwamba ingefunga kiwanda chake cha Jerzees de Honduras, mjini Choloma, ambako wafanyakazi walikuwa wameunda chama na walikuwa wakijadiliana kuhusu mishahara. Kilifungwa Januari 2009. Shirika la Worker Rights Consortium, lililoanzishwa mwaka wa 2000 kufuatilia hali ya viwanda vinavyoshona nguo za vyuo, lilichunguza na kuamua kwamba uhasama dhidi ya chama hicho ulichangia uamuzi wa kukifunga.

Wanafunzi wakaja juu. Hawakuwasusia wauzaji mmoja mmoja dukani, njia ambayo aghalabu huambulia patupu. Waliwaendea wakuu wa vyuo wakadai leseni ya nembo ivunjwe. Georgetown, Wisconsin, Duke na vingine, jumla yake karibu 100, vikakatiza mikataba yao na Russell. Novemba 2009 kampuni ikasalimu amri. Ilikubali kufungua kiwanda kipya Choloma, kuwarejesha kazini watu takriban 1,200 na kukitambua chama chao.

Nembo ileile iliyokuwa imewatenganisha mashabiki na washonaji ilitumiwa kuwaunganisha. Lakini waliookolewa walikuwa wafanyakazi wa Honduras. Alexander City ilipopoteza kazi zake mwaka wa 1998, hakuna kampeni ya ukubwa huo iliyosikika vyuoni, na hata ingekuwepo ingekosa pa kushika. Kanuni za maadili katika mikataba ya leseni hukataza kuwadhulumu wafanyakazi na kuvunja vyama vyao. Hazikatazi kuhamia kwenye mishahara ya chini.

Kwa maoni yangu, wanafunzi wale walifanya jambo la maana zaidi kuliko ushuru wowote. Ushuru huuliza fulana imetoka wapi. Wao waliuliza aliyeishona ametendewaje, na jibu lilipokuwa baya walikuwa na njia ya kumfanya mwenye kiwanda agharamike.

Mkenya atakayezuru Gikomba ataziona fulana hizo zikiwa mwisho wa safari yao, zimefungwa katika marobota ya mitumba, majina ya Alabama, Auburn na Ohio State yakiwa yamefifia kidogo kifuani. Wanaozinunua huenda hawajui mchezo huo unachezwaje. Wanachojua ni kwamba pamba ni nzito na bei ni nafuu kuliko nguo mpya iliyoshonwa nchini.

Mwaka wa 2016 nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana kupunguza hatua kwa hatua uingizaji wa mitumba ili kufufua viwanda vyao vya nguo, Marekani ilikuwa upande wa pili wa meza. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa huko kiliwasilisha malalamiko kwa serikali yao, kikidai kwamba ajira 40,000 za Wamarekani zingeathiriwa. Nchi ambayo wanasiasa wake walikuwa wakilalamika kwamba bidhaa rahisi kutoka nje zimewaua washonaji wake ilitetea haki ya kuuza ng'ambo bidhaa rahisi kuliko zote.

Kenya ilijiondoa katika mpango huo mwaka wa 2017, ikihofia kuponzwa katika utaratibu wa AGOA uliokuwa ukiviwezesha viwanda vya Athi River na kwingineko kuuza nguo Marekani bila ushuru. Rwanda ilishikilia ushuru wake wa dola 2.50 kwa kila kilo ya mitumba, na mwaka wa 2018 ikasimamishwa kunufaika na utaratibu huo kwa upande wa mavazi. Mshonaji wa Athi River alilindwa kwa gharama ya fundi ambaye angeshona nguo za kuvaliwa Nairobi, na sijamsikia waziri yeyote akilieleza jambo hilo waziwazi.

Huko Marekani mizani imeanza kubadilika tena. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza ulioanza Julai mwaka huo. Hadi wakati huo walichukuliwa kuwa wanafunzi wasiostahili mshahara, ijapokuwa jasho lao ndilo lililoijaza Bryant-Denny.

Malipo hayo ni haki yao. Hata hivyo fedha zenyewe lazima zitoke mahali, na leseni za nembo ni mojawapo ya mifereji ambayo wakurugenzi wa michezo wataigeukia. Watakapoketi na kampuni za mavazi kufanya upya mikataba yao, upande mmoja utataka asilimia kubwa zaidi na mwingine utataka gharama ya kushona ishuke. Mshonaji wa Choloma hatakuwa katika chumba hicho. Kitakachomwakilisha ni ile kurasa mbili tatu za kanuni za maadili, iwapo wanafunzi wa leo watakumbuka kuulizia kama bado zimo.